Safari ya majira ya baridi: Mazingatio kutoka Vienna hadi Sarajevo

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu (SW), Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Ndugu msomaji, Qur'ani Tukufu inatuhimiza mahali pengi tutembee katika ardhi na tutazame ulikuwaje mwisho wa waliotutangulia. Kutembea huko si kwa miguu na macho peke yake, bali ni kwa moyo wenye kuzingatia. Watu wetu wengi siku hizi hufika Ulaya kwa masomo, kwa biashara au kuwazuru watoto wao, na aghalabu hurejea na picha za majumba na malalamiko ya baridi. Leo tungependa kumtembeza msomaji katika miji mitatu tuliyoipitia katika majira ya baridi, nayo ni Vienna, Budapest na Sarajevo, ili tuone ina nini cha kumfunza Mwislamu zaidi ya uzuri wake.

Mchana mfupi na hukumu za msafiri

Jambo la kwanza linalomshangaza mtu wa pwani ni ufupi wa mchana. Mwezi wa Desemba mjini Vienna jua huchomoza yapata saa moja na dakika arobaini asubuhi, na huzama mnamo saa kumi jioni. Adhuhuri huingia kabla ya saa sita kamili, na Alasiri huingia kiasi cha saa nane kasorobo mchana. Mwenye kuzunguka mjini akisema kuwa ataswali atakaporudi hotelini, Magharibi humkuta angali njiani na sala mbili zimekwisha kumpita.

Hapo ndipo mtu huijua thamani ya rukhsa za sheria. Kwa mujibu wa madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo wengi wetu tunayafuata, msafiri wa masafa marefu hupunguza sala za rakaa nne zikawa mbili, na huweza kukusanya Adhuhuri na Alasiri, na vilevile Magharibi na Isha. Akinuia kukaa mahali pamoja siku nne kamili, pasipo kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, hukumu ya safari hukatika kwake. Aidha, aliyevaa khufu baada ya kukamilisha udhu, nazo zikawa zimefunika miguu mpaka juu ya vifundo na zinafaa kutembelewa, huruhusiwa kuzipangusa badala ya kuosha miguu: mkazi kwa mchana na usiku mmoja, na msafiri kwa siku tatu na nyusiku zake. Mambo haya tuliyasoma chuoni tungali watoto, tukiwa pekupeku juani, na wengine wetu tukayadhani ni masuala ya vitabuni tu. Theluji ndiyo huyafafanua.

Vienna: mji uliozingirwa na sheria iliyotungwa

Vienna ni mji wa makasri na mitaa mipana. Wakati wa baridi viwanja vyake hujaa masoko ya Krismasi, na mtu wa kwetu hupokewa na harufu anayoijua tangu utotoni, harufu ya karafuu na mdalasini. Asiharakie kununua. Kinywaji kinachochemka pale huitwa Glühwein, nacho ni mvinyo uliotiwa viungo. Mwenye kiu na aulize kinywaji cha watoto kisicho na kileo, au anunue njugu za chestnut zinazochomwa juu ya makaa, ambazo humpasha moto viganja kabla hazijafika kinywani.

Majeshi ya Waturuki wa Uthmaniya yaliuzingira mji huu mara mbili, mwaka 1529 na mwaka 1683, na mara zote mbili hayakuutwaa. Miaka miwili tu baada ya mazingiwa ya pili, mnamo 1685, mfanyabiashara wa Kiarmenia, Johannes Diodato, alipata idhini ya kuuza kahawa humo. Kinywaji kile, ambacho masufi wa Yemen walikinywa ili wakeshe katika dhikri, kikawa alama ya mji ambao mizinga haikuweza kuuingia.

Ajabu zaidi ni habari ya sheria. Dola ya Austria na Hungaria iliikalia Bosnia tangu 1878 na kuitwaa rasmi mwaka 1908, hivyo ikajikuta ina raia Waislamu kwa maelfu mengi. Mwaka 1912, katika zama za Mfalme Franz Joseph, ilitungwa sheria ya kuutambua Uislamu kwa madhehebu ya Hanafi. Sheria hiyo ilidumu zaidi ya karne moja mpaka ilipobadilishwa na nyingine mwaka 2015. Kituo cha Kiislamu chenye msikiti na mnara kilifunguliwa mwaka 1979, ng'ambo ya mto Danube. Hivyo haki ambayo upanga haukuileta, ililetwa na kalamu.

Budapest: waridi na maji ya moto

Kwa treni, Budapest iko mbali na Vienna kwa muda wa saa mbili na nusu hivi. Upande wa Buda ulitawaliwa na Uthmaniya tangu 1541 hadi 1686. Misikiti ya enzi hiyo karibu yote imetoweka, lakini hamamu zimebaki. Hamamu ya Rudas, iliyojengwa karne ya 16, ingali na kuba lake juu ya nguzo nane na birika lenye pembe nane, na maji yake ya moto hutoka ardhini yenyewe. Anayetaka kuoga na aulize kwanza siku za wanaume na siku za wanawake, wala asiiache sitara yake mlangoni.

Juu ya kilima, mwisho wa kijia cha mawe chenye mteremko mkali, lipo kaburi la Gül Baba, derwishi aliyefariki mwaka 1541, mwaka uleule Buda ilipotwaliwa. Jina lake lina maana ya baba wa waridi. Kuba la kaburi lake lilifunguliwa upya mwaka 2018 baada ya ukarabati. Maliwali waliotawala mji ule kwa karne moja na nusu, wapita njia hawawajui hata kwa majina. Derwishi yule angali anazuriwa.

Sarajevo: saa ya Magharibi na vitabu vilivyookolewa

Tunamalizia kwa Sarajevo, mji ulio bondeni kati ya milima yenye theluji. Katika soko kongwe la Baščaršija wafua shaba wangali wanagonga nyundo zao, na kahawa huletwa katika kijibirika cha shaba. Pembeni mwa msikiti wa Gazi Husrev-beg, uliojengwa mnamo 1530 na 1531, upo mnara wa saa ambao akrabu zake huonesha saa kumi na mbili jua linapozama. Watalii husimama na kuduwaa. Sisi tunaoitazama saa ya Kiswahili kila siku hatuduwai, ila hutambua jamaa wa mbali. Kwa kuwa Magharibi ya kule husogea sana kwa majira, yupo mtu maalumu wa kuirekebisha saa hiyo.

Lakini mji huu una jeraha. Ulizingirwa tangu Aprili 1992 hadi Februari 1996. Mwaka 2012, katika kumbukumbu ya miaka ishirini, viti vyekundu 11,541 vilipangwa katika barabara kuu, kimoja kwa kila aliyeuawa. Vitabu navyo vililengwa. Mwezi Mei 1992 iliteketezwa Taasisi ya Mashariki pamoja na maelfu ya miswada yake, na Agosti mwaka huohuo ikachomwa maktaba ya taifa katika jengo la Vijećnica, ambalo lilifunguliwa tena mwaka 2014. Anayetaka kufuta watu huanza na wanaoishi, kisha huwaendea waliokwisha kuandika.

Maktaba ya Gazi Husrev-beg, iliyoanzishwa kwa wakfu mwaka 1537, ilinusurika. Mkurugenzi wake, Mustafa Jahić, na wenzake waliihamisha miswada mara kadhaa wakati wa vita, wakiibeba katika maboksi ya ndizi na kuvuka mitaa iliyolengwa na wadunguaji. Miongoni mwao alikuwamo mlinzi wa usiku wa maktaba, Abbas Lutumba Husein, mtu aliyetoka Kongo. Ndugu msomaji, zingatia hapa. Hakuwa mzaliwa wa mji ule, wala lugha ya babu zake haimo katika vitabu vile. Hata hivyo aliiona amana, akaibeba.

Tunalojifunza

Katika miji hii mitatu funzo ni moja. Majeshi yalipita na mipaka ikahama. Vilivyobaki ni maji yanayowafaa watu, sheria inayolinda haki, kaburi la mtu mwema na vitabu vya wakfu. Mtume (SAW) ametufundisha kuwa amali ya mwanadamu hukatika anapokufa isipokuwa kwa mambo matatu: sadaka yenye kuendelea, elimu yenye manufaa, na mtoto mwema anayemwombea dua. Gazi Husrev-beg alifariki mwaka 1541, na wakfu wake ungali unasomesha.

Basi na tujiulize. Katika majumba mangapi ya mwambao wetu kuna sanduku la babu lenye hati za wakfu, tenzi na vitabu vya fiqhi vilivyoandikwa kwa mkono, vinavyoliwa na mchwa hali warithi wamelala? Watu wa Sarajevo waliokoa miswada chini ya risasi. Sisi tunaipoteza katika amani. Mwenye sanduku la namna hiyo na alifungue wiki hii, alitoe katika unyevu, na awaite wenye elimu walisome, kabla hajafikiria kukata tiketi ya kwenda kustaajabia maktaba za wengine.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wenye kutembea na kuzingatia, na wenye kuzihifadhi amana. Wabillahi tawfiq.