Je, Wajua? Saa ya Rubani Inayoanza Upya kwa Mbonyezo Mmoja

Ndege inayokwenda kilomita 600 kwa saa hukata mita 500 katika sekunde tatu. Rubani wa miaka ya 1950 aliyeingia ndani ya wingu, haoni mto wala reli ya kumwelekeza, alitegemea dira, kipimakasi na saa. Alikwenda kaskazini dakika nne, akageuka, akaenda dakika sita, akageuka tena. Kila kona ilitaka muda uanze kuhesabiwa upya, na sekunde zilizopotelea kwenye vitufe zilimtoa njiani.

Kronografu ni saa ya mkono yenye mshale wa ziada wa kupimia muda. Ile ya kawaida hutaka mibonyezo mitatu: wa kwanza husimamisha mshale, wa pili huurudisha kwenye sifuri, wa tatu huuanzisha tena. Jeshi la Anga la Ufaransa lilitaka yote matatu yafanyike kwa mbonyezo mmoja. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 yakatolewa masharti ya saa inayojulikana kama Type 20: uso mweusi wenye tarakimu zinazoonekana gizani, upana wa milimita 38 hivi, isikosee zaidi ya sekunde nane kwa siku, ikitiwa ufunguo iende saa 35 au zaidi, na mtambo wa kurudisha mshale ufanye kazi mara 300 bila kukwama.

Usione vyaelea, vimeundwa. Kwenye mhimili wa mshale pamefungwa kipande cha chuma chenye umbo la moyo. Ukibonyeza kitufe cha chini, nyundo ndogo hukikandamiza ubavuni. Moyo huo huteleza na kuzunguka mpaka nyundo itue kwenye sehemu yake iliyobonyea, nayo imepangwa ilingane na sifuri. Kwa hiyo popote mshale ulipo, hurudi mwanzo papo hapo. Wakati huohuo wenzo mwingine husogeza kando gurudumu linaloleta nguvu, meno yasije yakasagika. Ukiachia kidole, gurudumu hurudi mahali pake na mshale huondoka.

Saa hizo zilitengenezwa na kampuni kadhaa, zikiwemo Breguet, Dodane, Auricoste na Mathey-Tissot. Zile za kampuni ya Vixa zilibeba mtambo wa kampuni ya Hanhart ya Ujerumani, nchi ambayo Ufaransa ilikuwa imetoka kupigana nayo. Breguet ilitengeneza 1,100 kwa ajili ya Jeshi la Anga, bila jina lake usoni. Nyingine 500 zilikwenda kwa marubani wa Jeshi la Wanamaji mwaka 1960, na hizo zimeandikwa Breguet usoni. Kwa uchache huo, haishangazi kwamba wakusanyaji huzigombania.

Mkusanyaji mzoefu hakimbilii kutazama uso. Huigeuza saa na kusoma mgongo wake. Pale, pamoja na jina la saa na namba, huwa pamegongwa herufi FG zikifuatwa na tarehe. Hiyo ni tarehe ya kwisha kwa dhamana ya matengenezo. Kila saa ilipopita kwa fundi wa jeshi, tarehe mpya iligongwa, ndiyo maana migongo mingine ina safu ya tarehe zinazofuatana kwa miaka mingi.

Kisha huja zamu ya uso. Saa nyingi za kijeshi za enzi hizo zilipakwa rangi yenye radiamu iliyochanganywa na salfaidi ya zinki. Mionzi ya radiamu huipiga salfaidi hiyo, nayo hutoa mwanga. Miaka ikipita salfaidi hiyo huchakaa na mwanga hufifia, lakini radiamu ipo palepale: huchukua miaka 1,600 hivi kupungua kwa nusu. Basi saa iliyozimika gizani bado itaamsha kipimamionzi. Tarakimu zikimulikwa kwa taa ya urujuanimno na kuendelea kung'aa muda mrefu baada ya taa kuzimwa, kuna uwezekano mkubwa kwamba rangi imepakwa upya. Na kwa kuwa vumbi la rangi hiyo ni hatari likivutwa puani, kufungua saa ya namna hii mezani nyumbani si mchezo wa kujaribu.

Hapa ndipo mnunuzi mgeni huumia. Akipata saa yenye mikwaruzo, huipeleka ikang'arishwe, na mashine ya kung'arisha hula kingo za kasha pamoja na maandishi ya mgongoni. Saa hurudi inapendeza, lakini bei imeshuka, kwa sababu ushahidi wa kazi yake umefutwa. Wazoefu humwambia fundi asafishe mtambo, atie mafuta mapya, na kasha aliache kama alivyolikuta.