Maua Yasiyonyauka: Mwanamke Aliyeichora Nyika

Mtu aondokaye Mwingi mjini akashika njia ya kaskazini, akaipita Kyuso na kufika Tseikuru, huiona nchi ikibadilika kidogo kidogo. Miti hufupika, miiba huzidi, na mibuyu husimama mmoja mmoja kama wazee waliokaa barazani. Hii ni nyika ya Ukambani, kaskazini mwa Kaunti ya Kitui, nchi ya jua kali na mito ya msimu, ambako mkulima hutegemea zaidi mvua za mwisho wa mwaka kuliko zile za masika. Mgeni apitaye wakati wa kiangazi aghalabu husema kwamba hapana kitu hapa ila vumbi na michongoma. Lakini mvua ikinyesha kwa juma moja tu, nchi hiyohiyo hujivika nguo nyingine. Waridi la jangwani, ambalo shina lake nene lilikuwa kama gogo kavu, huchanua maua ya rangi ya pinki. Migunga hutoa vishada vyeupe na vya manjano, nyuki hurudi, na ardhi iliyodhaniwa kuwa imekufa huonekana kuwa ilikuwa imelala tu.

Kaskazini zaidi hupita Mto Tana, mrefu kuliko mito yote ya Kenya, ukielekea mashariki hadi ufikie Bahari ya Hindi karibu na Kipini. Kwa hiyo sisi watu wa pwani si wageni kabisa wa nchi ya Tseikuru, kwani maji yanayopita huko ndiyo yanayotufikia huku. Ukingoni mwa mto huo ipo Hifadhi ya Mwingi, iliyotangazwa mwaka 1979. Ng'ambo yake ipo Mbuga ya Taifa ya Meru, na upande wa mashariki ipo Kora. Katika mto wenyewe yapo maporomoko yanayoitwa Maporomoko ya Adamson. Jina hilo ni la bwana na bibi mmoja ambao dunia iliwajua kwa sababu ya simba. Leo, ndugu msomaji, tutamtazama bibi huyo kwa jambo jingine ambalo wengi hawalijui: kabla hajaandika hata ukurasa mmoja juu ya simba, Joy Adamson alikuwa mchoraji wa maua.

Alizaliwa tarehe 20 Januari 1910 katika mji wa Troppau, uliokuwa chini ya dola ya Austria na Hungaria, na ambao leo huitwa Opava katika nchi ya Cheki. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa Friederike Victoria Gessner. Katika ujana wake alijifunza piano, ushonaji na uchongaji, akaacha hiki na kushika kile, kama mtu anayetafuta kitu asichokijua jina. Mwaka 1937 alipanda meli akaja Kenya, na safarini akakutana na Mswisi mmoja, Peter Bally, mtaalamu wa mimea. Mwaka uliofuata walioana, na Bally ndiye aliyembandika jina la Joy.

Mwaka huohuo wa 1938 Jumba la Makumbusho la Coryndon la Nairobi lilituma msafara wa wataalamu katika vilima vya Chyulu, pembezoni mwa nchi ambayo leo ni Makueni. Bally alikwenda kukusanya mimea, na mkewe akafuatana naye. Huko vilimani, mume alipokuwa akikausha majani baina ya karatasi, mke alishika brashi na kuanza kuyachora maua yaliyokuwa mbele yake. Ilikuwa kazi ya kupitisha wakati tu, si ya kutafuta mshahara wala sifa. Lakini Bally, ambaye naye mwenyewe alikuwa mchoraji wa mimea, aliona kwamba mkono wa mkewe una kipawa, akamhimiza aendelee. Haukupita muda mrefu michoro yake ikatumiwa kupamba kitabu cha ukulima wa bustani katika Afrika ya Mashariki.

Pengine msomaji atauliza: mchoro wa ua una faida gani iwapo ua lenyewe limehifadhiwa? Jibu lake ni rahisi, na mwanamke yeyote aliyewahi kuweka asmini ndani ya msahafu au kitabu analijua. Ua likikauka hubakia umbo lililobanwa, na rangi yake hupotea. Jekundu huwa kahawia, la zambarau hufifia, na jani lililokuwa nono huwa kama karatasi. Mtaalamu anayelitazama baada ya miaka hamsini hawezi kujua lilikuwa na sura gani lilipokuwa hai. Mchoraji wa mimea huziba pengo hilo. Humpasa alipime ua kwa bikari au rula ili ukubwa wake kwenye karatasi usizidi wala usipungue, ahesabu petali na nyuzi zilizomo ndani, aonyeshe jani upande wa juu na upande wa chini, kisha achanganye rangi za maji mpaka zilingane na zile anazoziona. Na yote hayo ayafanye upesi, kwa kuwa katika joto la nyika ua lililochumwa asubuhi huweza kuinamisha kichwa kabla ya adhuhuri.

Kazi hiyo humfundisha mtu subira na ukweli. Mchoraji wa mimea haruhusiwi kuongeza petali kwa ajili ya uzuri. Joy, ambaye kwa tabia alikuwa mwepesi wa hasira na mgumu wa kukaa na watu, alipata katika kazi hii utulivu ambao hakuupata mahali pengine. Ndoa yake na Bally haikudumu. Mwaka 1944 aliolewa na George Adamson, askari mkuu wa wanyamapori wa jimbo la mpaka wa kaskazini, ambaye makao yake yalikuwa Isiolo. Katika ndoa zake zote hakujaaliwa kulea mtoto wake mwenyewe. Alifuatana na George katika safari ndefu za nyikani, na kila walipopiga hema, sanduku la rangi lilifunguliwa. Mwaka 1947 Chama cha Kifalme cha Kilimo cha Bustani cha Uingereza kilimtunuku medali ya dhahabu ya Grenfell kwa michoro yake ya maua. Lililoanza kuwa la kupitisha wakati lilikuwa limefika mbali.

Mwaka 1949 serikali ya kikoloni ilimwagiza achore picha za watu wa makabila ya Kenya katika mavazi yao ya asili, kwa kuwa mavazi na mapambo hayo yalikuwa yakitoweka. Alizunguka nchi kwa miaka kadhaa, toka bara hadi pwani, na kazi hiyo ikatolewa katika kitabu mwaka 1967. Yafaa tuikumbuke kwa insafu. Serikali iliyoagiza picha hizo ndiyo iliyokuwa ikiwatawala waliochorwa bila ya ridhaa yao, na mengi katika hayo yaliyokuwa yakitoweka, utawala huohuo ulikuwa na mkono katika kutoweka kwake. Hata hivyo, leo mjukuu anayetaka kujua ushanga wa bibi yake ulivyopangwa huweza kwenda kuutazama, kwani sehemu kubwa ya picha hizo imehifadhiwa na Makumbusho ya Taifa ya Kenya.

Habari za simba zilikuja baadaye. Mwaka 1956 George aliua simba jike aliyemshambulia, kisha akagundua kwamba alikuwa na watoto watatu. Wawili walipelekwa Rotterdam, Uholanzi, na mdogo wao, Elsa, akalelewa na Joy mpaka akarudishwa porini Meru. Kitabu cha habari zake kilitoka mwaka 1960 na kikasomwa duniani kote. Elsa alikufa mwanzoni mwa mwaka 1961, akazikwa mbugani Meru. Joy mwenyewe aliuawa kambini kwake Shaba tarehe 3 Januari 1980, na George akauawa na majambazi huko Kora tarehe 20 Agosti 1989. Nyumba yao ya Naivasha, iitwayo Elsamere, imebaki kuwa mahali pa elimu na kumbukumbu.

Hapa huzuka suali ambalo katika nyumba zetu halikosi kuulizwa: je, sisi tunalo fungu katika sanaa hii? Wanazuoni wamelieleza jambo la picha kwa urefu, na kauli zao juu ya kuchora viumbe wenye roho hazikuwa moja. Mwenye kutaka kujua hukumu yake amuulize mwanachuoni anayemwamini. Lakini kuhusu miti na maua njia ni pana. Imepokewa kwamba Ibn Abbas, Allah awe radhi naye, alimwelekeza mtu aliyekuwa akijipatia riziki kwa kutengeneza picha kwamba, ikiwa hana budi, basi achore miti na visivyokuwa na roho. Kwa hiyo mzazi ambaye moyo wake una wasiwasi juu ya picha ya simba hana sababu ya kumnyima bintiye picha ya mkwaju.

Wala sanaa hii si ngeni katika historia ya Waislamu. Huko Baghdad, katika karne ya 9, kitabu cha Mgiriki Dioscorides juu ya mimea ya dawa kilifasiriwa kwa Kiarabu, na nakala zake zikaandikwa pamoja na michoro ya mimea, ili tabibu asije akakosea jani la dawa akatoa la sumu. Katika Bara Hindi, mfalme Jahangir, aliyetawala kuanzia 1605 hadi 1627, alikuwa na mchoraji aitwaye Mansur, ambaye alimpa lakabu ya Nadir al-Asr, yaani aliye adimu katika zama zake. Walipokwenda Kashmir, Mansur alichora maua zaidi ya mia moja ya nchi ile. Mengi katika michoro hiyo yamepotea, lakini tulipu nyekundu iliyobaki yatosha kumtambulisha mkono wake.

Na tukirudi kwetu, twaona kwamba mwanamke wa pwani ni mchoraji wa maua tangu zamani, ingawa hakuna aliyempa jina hilo. Nani anayechora hina na piko mikononi mwa bibi harusi, shina likapanda kutoka kifundo hadi vidoleni bila ya kukatika? Nani anayetunga vikuba, akajua ni asmini ipi ya kuchumwa jioni na mkadi upi una harufu? Milango ya Lamu imejaa maua yaliyochongwa na mafundi, na kanga zetu zina mikorosho iliyochorwa pembeni. Jicho tunalo. Tulichokosa ni mazoea ya kuandika tunachokiona ili kibaki.

Jambo hili si pambo tu. Katika nchi kavu kama Tseikuru miti mingi imekatwa kwa ajili ya makaa, hata mwaka 2018 serikali ya Kaunti ya Kitui ikapiga marufuku kusafirishwa kwa makaa nje ya kaunti. Huku kwetu, viwanja vilivyokuwa na vilua na milangilangi vimejengwa nyumba. Mti ukiondoka, kwanza huondoka kivuli chake, kisha huondoka jina lake. Yuko binti leo mwenye kuyajua majina ya simu kumi, na hajui jina la ua alilokuwa akivaa nyanya yake kichwani siku ya Idi. Jina likishapotea, hapana anayejua tena cha kukitafuta.

Basi, mama mwenzangu, siku ya mapumziko mkalishe mwanao karibu na dirisha. Mpe karatasi nyeupe, penseli, na kisanduku cha rangi za maji kama zile zinazouzwa katika maduka ya vifaa vya shule. Mpe ua moja tu ndani ya gilasi ya maji: asmini, waridi, au hata ua la mpapai. Mwambie alitazame kwa dakika tano kabla ya kugusa karatasi. Ahesabu petali. Achore kwanza mistari miepesi, kisha aanze rangi hafifu na kuiongeza polepole, kwani katika rangi za maji ni rahisi kukoleza na ni taabu kupunguza. Akimaliza, aandike chini jina la ua kwa Kiswahili, mahali lilipochumwa na tarehe. Ikiwa hajui jina, amuulize bibi yake. Pengine hapo ndipo mazungumzo mazuri kuliko mchoro wenyewe yatakapoanza.

Asisifiwe kwa uongo wala asikemewe kwa makosa. Mchoro wa kwanza utakuwa mbaya, na wa kumi utakuwa na afadhali. Joy Adamson alikuwa na umri wa miaka 28 alipoanza kuchora maua vilimani Chyulu, wala hakujua kazi ile itamfikisha wapi. Maua aliyoyachuma siku ile yalinyauka kabla ya jua kuchwa. Aliyoyachora, wengine tunaweza kuyatazama mpaka leo.