Jaketi Okozi: Kinachoelea ni Kile Kilichomo Ndani

Mkazi wa pwani ya Lindi hana namna ya kuikwepa bahari. Mgonjwa wa Kilwa Kisiwani huvuka mlango wa bahari kwenda Kilwa Masoko. Mfanyabiashara wa Songosongo hupakia bidhaa zake katika mashua. Mkazi wa Kitunda huyavuka maji ili afike Lindi mjini. Na mvuvi hutoka jioni, akarejea alfajiri. Kila mmoja wao, kwa wakati wake, hununua jaketi okozi au hukabidhiwa moja alivae.

Madukani majaketi hayo hufanana: rangi ya chungwa, mikanda miwili au mitatu, filimbi kifuani. Bei zake, hata hivyo, hutofautiana sana, na mnunuzi hujiuliza kwa nini alipe zaidi. Jibu letu ni fupi. Rangi na kitambaa havimwelezi mtu. Kinachomweleza ni kile kilichoshonewa ndani, nacho ndicho asichokiona anaponunua.

Aina za vijazo

Cha kwanza ni sponji yenye vitundu vilivyozibwa. Ndani yake mna vipovu vingi vya hewa, na kila kimoja kimefungwa peke yake. Hata ikichanika au kutobolewa na ndoana, maji huingia palipochanika tu. Haihitaji mtungi wala fundi. Kwa vyombo vyetu vya mbao na vya faiba, vyenye ndoana, misumari na miiba ya samaki, ndicho kijazo tunachokipendekeza.

Cha pili ni sponji yenye vitundu vilivyo wazi, kama ile ya godoro. Hii hunyonya maji. Jaketi lililojazwa sponji hiyo huelea vizuri dakika za mwanzo, kisha huwa zito na kuanza kuzama pamoja na aliyelivaa. Jaketi la namna hii ni baya kuliko kukosa jaketi, kwa sababu humpa mtu imani isiyostahili.

Cha tatu ni povu jeupe, lile linalofungashiwa televisheni na majokofu. Huelea, lakini huvunjika vipande linapokaliwa au kukunjwa, na vipande hivyo hukusanyika upande mmoja wa jaketi.

Cha nne ni hewa. Majaketi haya huwa mepesi na hujazwa na mtungi mdogo wa gesi ya kaboni dayoksaidi, ama kwa kuvuta kamba ama yenyewe yanapoguswa na maji. Yanafaa kwa mtu anayeweza kuyapeleka kukaguliwa kila mwaka na kununua mtungi mpya kila unapotumika. Asiye na uwezo huo asiyanunue. Mtungi ukiwa mtupu, au mfuko ukitoboka, jaketi hilo halina msaada.

Wazee watauliza kuhusu usufi. Ni kweli kwamba zamani majaketi ya mabaharia katika nchi nyingi yalijazwa usufi, uleule wa mito yetu, kwa kuwa nyuzi zake ni tupu kwa ndani na zina nta inayozuia maji. Hata hivyo, usufi ukishindiliwa au ukiingiwa na mafuta hupoteza uwezo wake wa kuelea. Kwa sababu hiyo uliachwa, nasi hatushauri mtu ajishonee jaketi la usufi.

Saa, si dakika

Bahari yetu si ya baridi kama ile ya Ulaya ya kaskazini, ambako mzamiaji hulazimika kuvaa vazi zima lisilopitisha maji. Lakini maji yenye joto la nyuzi 26 bado ni baridi kuliko mwili wenye nyuzi 37, na maji huondoa joto mwilini kwa kasi ya takriban mara 25 kuliko hewa. Aliyepinduka usiku hupungukiwa nguvu kadiri saa zinavyopita, na mikono yake haitamwelesha mpaka kuche. Jaketi lazima limbebe akiwa amechoka, na hata akiwa amezimia.

Ndiyo maana viwango vya kimataifa vya majaketi ya meli hutaka uwezo wa kuelea usipungue kwa zaidi ya asilimia 5 baada ya jaketi kukaa majini saa 24. Nawe unaweza kufanya jaribio linalokaribiana na hilo. Lifunge jaketi pamoja na jiwe ambalo linaweza kulibeba kwa shida, uliache katika pipa la maji mpaka kesho yake. Likiwa limezama na jiwe lilelile, usilipande nalo chombo.

Soma lebo

Nguvu ya kuelea huandikwa kwa nyutoni. Nyutoni 10 ni takriban nguvu ya kubeba kilo 1. Jaketi la mtu mzima lenye nyutoni 50 ni la anayejua kuogelea na aliye karibu na msaada. Halikuundwa kumgeuza aliyezimia uso ukae juu. Lenye 100 ni la maji yaliyokingwa. Kwa bahari ya wazi, kama safari ya Songosongo wakati wa kusi, chagua lenye 150. Jaketi la mtoto huchaguliwa kwa uzito wa mwili ulioandikwa kwenye lebo, nalo liwe na mkanda unaopita katikati ya miguu ili lisimvuke kichwani. Jaketi lisilo na lebo yoyote lisinunuliwe.

Baada ya kununua

Tumeona abiria wengi wakilikalia jaketi kama mto. Kulikalia hushindilia sponji na kupunguza uwezo wake. Lisuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi, likaushe kivulini, na liweke mbali na petroli na jua kali. Sponji ikisinyaa, au mshono ukifumuka, nunua jingine.

Dai risiti na uitunze. Ukishuku kuwa bidhaa ni bandia, toa taarifa Tume ya Ushindani (FCC). Kuhusu ubora, Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Na kuhusu chombo kisicho na majaketi ya kutosha, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC). Nahodha akikukabidhi jaketi, libonyeze, lisome, ulivae na ufunge mikanda yote kabla nanga haijang'olewa. Chombo kikishapinduka, hakuna atakayepata nafasi ya kuuliza lina nini ndani.