Haki na Watumishi Wake (Sehemu ya Sita): Ujira na Kujitolea

Juma lililopita kijana mmoja jirani yangu hapa Segerea, mhitimu wa sheria, alinijia barazani na gazeti lenye tangazo la kazi la asasi fulani ya haki za binadamu, akitaka nimsahihishie barua ya maombi. Tangazo lilikuwa la Kiingereza kitupu, na barua kadhalika, ilhali atakayeajiriwa atakwenda kusikiliza wajane waliodhulumiwa mirathi na mahabusu wasioielewa hata hati ya mashtaka yao.

Wasomaji walioandamana nami tangu sehemu ya kwanza wanaujua ugonjwa wangu wa kudai Kiswahili katika sheria, nao wataniwia radhi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipofunguliwa Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kilianza na kitivo cha sheria peke yake. Na mwaka 1968 mkuu wa kwanza wa kitivo hicho, Profesa A. B. Weston, pamoja na Sheikh Mohamed Ali, walitoa kamusi ya istilahi za sheria kwa Kiswahili. Kazi hiyo ilihitaji subira ya kukusanya kuliko uhodari wa kubuni, kwa kuwa wakili, shahidi, dhamana, wasia na hukumu ni maneno yaliyokuwa yakitamkwa mbele ya makadhi wa pwani zamani sana, kabla Mwingereza hajatia nanga bandarini. Hata hivyo, ijapokuwa mahakama za mwanzo zilitumia Kiswahili, hukumu za mahakama za juu ziliendelea kuandikwa kwa Kiingereza, mpaka Sheria Na. 1 ya 2021 ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama. Miaka 53! Mtoto aliyezaliwa kamusi ilipotoka alikwisha kuwa na wajukuu.

Kitivo kile kile kilikuwa na kamati ya msaada wa kisheria, ambamo walimu walishughulikia mashauri ya mafukara bila ijara, wakati nchi haina bado hata orodha ya haki katika Katiba, iliyokuja kuingizwa mwaka 1984. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu hakikuanzishwa mpaka 1995. Kujitolea, basi, kulitangulia mshahara, jambo ambalo wenye ofisi za viyoyozi leo hulisahau, wakimwita kijana mfanyakazi wa kujitolea mwaka wa pili huu, bila hata nauli ya daladala, na kuuita unyonyaji huo uzoefu.

Kwa jirani yangu nilisema hivi kwa ufupi. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria wasio mawakili, na inataka huduma itolewe bure chini ya mtoaji aliyesajiliwa. Basi amwulize afisa maendeleo ya jamii ni nani waliosajiliwa wilayani, aombe kazi ya kujitolea kwao, huku akiendelea kutafuta ajira. Ajue pia kwamba kazi hii ina hatari zake: Tito Magoti, mtumishi wa Kituo nilichokitaja, alikamatwa Desemba 2019 na hakutoka mahabusu mpaka Januari 2021.

Hatari hiyo haiko mbali nasi: gereza la Segerea tunaliona kila siku, tukipita kwenda sokoni. Hata hivyo, barua ya jirani yangu tuliiandika upya kwa Kiswahili, ikachukua magharibi mpaka isha, kwa sababu tulibishana sana juu ya neno moja la kamusi ya 1968, ambalo nafasi ya safu hii hainiruhusu kulieleza mpaka juma lijalo.