Kukaa na Anayekata Roho

Je, wajua kwamba mgonjwa asiyejibu tena akiitwa anaweza kuwa bado anasikia? Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, walichapisha matokeo ya kupima ubongo wa wagonjwa wa hospisi, yaani huduma ya wasiotarajiwa kupona, waliokuwa katika saa zao za mwisho. Waliwasikilizisha milio huku wakifuatilia mawimbi ya ubongo. Kwa baadhi yao, ubongo uliitikia milio ile karibu sawa na ubongo wa vijana wenye afya. Utafiti haukuonyesha kama wangeelewa maneno, lakini sauti ilikuwa inafika. Basi ule mtindo wa kujadili shamba la mgonjwa na bei ya jeneza palepale kitandani, eti huyu hana habari, tuuache. Mwiteni kwa jina lake. Msomeeni Yasini au zaburi. Mwenye kutaka radhi aiombe hata kama hakuna jibu.

Kuna watu wanaojifunza hasa kazi hii ya kukaa. Huitwa madula, nao huwa na mgonjwa asiyetarajiwa kupona, pamoja na familia yake, mpaka roho itoke na hata wiki kadhaa baadaye.

Je, wajua kwamba kazi yao ilianzia kwenye chumba cha uzazi? Mwaka 1980 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanyika Guatemala. Miongoni mwa kina mama waliojifungua bila matatizo, waliopewa mwanamke wa kukaa nao, kuwasugua mgongo, kuwashika mkono na kuzungumza nao, walijifungua takriban saa 9 tangu walipolazwa. Walioachwa peke yao walichukua zaidi ya saa 19. Na yule mwanamke hakuwa mkunga wala nesi! Kutoka hapo madula wa uzazi, yaani watu wa kukaa na mama anayejifungua, wakaongezeka Marekani. Miaka ishirini na ushei baadaye Henry Fersko-Weiss, ofisa ustawi wa jamii katika hospisi moja ya New York, alihudhuria mafunzo yao, akaona kwamba mengi yanayofundishwa kwa ajili ya anayezaa yanamfaa pia anayekufa. Mwaka 2003 akaanza kuwafundisha watu wa kujitolea.

Dula wa namna hii hachomi sindano, hatoi dawa, hapimi presha. Kazi yake huanza mapema, mgonjwa akiwa bado ana kauli. Anauliza: ungependa nani awe chumbani? Dirisha liwe wazi? Tukuwekee kaswida, kwaya, taarabu, au tunyamaze? Nani asiingie? Majibu huandikwa, na siku ikikaribia ndiyo yanayofuatwa, hata shangazi mkubwa akija na amri zake. Kisha hupangwa zamu za usiku na mchana. Binti aliyekesha siku nne anaambiwa akalale, na anaweza kulala kweli, kwa sababu anajua ataamshwa pumzi zikibadilika.

Sehemu ninayoithamini kuliko zote ni ya kumsaidia mgonjwa kuacha maneno yake. Harvey Chochinov, daktari wa magonjwa ya akili huko Winnipeg, Kanada, aliitengenezea utaratibu ambao matokeo yake ya kwanza yalichapishwa mwaka 2005. Mgonjwa anaulizwa ni lini alijiona yu hai zaidi, anajivunia nini, angetaka watoto wake wajue nini. Anarekodiwa, maneno yanachapwa, anasomewa mwenyewe ayasahihishe, kisha familia inakabidhiwa. Wengi walioupitia walisema uliwaongezea hisia ya hadhi yao. Simu tulizo nazo mifukoni zinatosha kabisa kwa jambo hili, na babu na bibi zetu wanaondoka na maneno yao kila siku bila kuulizwa.

Kukaa na anayekufa si lazima kuwe kwa wenye vyeo tu. Je, wajua kwamba askofu aliwahi kuruhusu mwanamke asikilize toba ya mtu anayekufa? Ilikuwa Januari 1349, tauni ikiwa imewaua mapadri wengi huko Uingereza. Ralph wa Shrewsbury, askofu wa Bath na Wells, aliandika kwamba kama padri hapatikani, mgonjwa aungame kwa mtu yeyote, hata mwanamke.

Huko Eugene, jimbo la Oregon, mwaka 1986, mzee mmoja alimwomba nesi Sandra Clarke akae naye. Clarke alikuwa na wagonjwa wengine sita, akaahidi kurudi. Aliporudi baada ya saa moja na nusu alimkuta amekufa. Hakulisahau jambo hilo. Mwaka 2001 hospitali yake ikaanzisha mpango wa watu wa kujitolea kukaa na wasio na ndugu, na hospitali nyingine nyingi zikauiga.

Sisi huku tunao waosha maiti, wachimba kaburi, wapishi wa matanga. Kila mmoja anaijua nafasi yake mara tu kifo kinapotangazwa. Saa za kabla yake ndizo hazina mwenyewe, hasa mijini.

Lakini kukaa hakutoshi mtu akiwa analia kwa maumivu. Mwaka 1993 Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda jijini Kampala, akitumia mofini ya kunywa, inayotengenezwa kwa unga na maji kwa gharama ndogo. Madaktari walikuwa wachache, kwa hiyo mwaka 2004 Uganda ilibadilisha sheria, ikawaruhusu wauguzi na maofisa tabibu waliosomea tiba shufaa, yaani ya kupunguza mateso ya mgonjwa, kuwaandikia wagonjwa mofini wao wenyewe. Mgonjwa wa saratani kijijini akaweza kupata dawa mlangoni kwake.

Je, wajua kwamba zile hatua tano maarufu za huzuni hazikuandikwa kwa ajili ya wafiwa? Elisabeth Kübler-Ross, katika kitabu chake cha 1969, alizitumia kueleza hali ya wagonjwa wanaokufa aliozungumza nao Chicago. Kuhusu wafiwa, Margaret Stroebe na Henk Schut wa Uholanzi walieleza mwaka 1999 kwamba mtu huenda na kurudi: asubuhi analia, mchana anafuatilia karatasi za pensheni na kucheka na wajukuu, jioni analia tena. Kwa hiyo mjane anayecheka wiki ya pili hajamsahau mumewe, wala anayelia mwaka wa tatu si dhaifu.

Ndiyo maana dula hurudi wiki kadhaa baadaye, wageni wakiwa wameshaondoka, na kuwauliza wafiwa usiku ule ulikuwaje kwao. Mara nyingi hutajwa ile sauti ya kukoroma kooni, inayowasumbua wafiwa kila wakifumba macho. Dula huwaeleza kwamba ni mate ambayo mgonjwa hana nguvu tena ya kuyameza, na kwamba kwa kawaida mwenyewe hateseki nayo. Wengine hujilaumu kuwa mama alikufa kwa njaa kwa sababu alikataa uji. Hao nao huelezwa kwamba mwili unaozima huacha kuhitaji chakula, kulazimisha kunaweza kumpalia, na kitambaa chenye maji midomoni ndicho kilichomfaa.