Bumu Likiingia Kwenye Biashara, Liandikwe

Wanachuo wenzangu, bumu likitoka tu hosteli zinageuka soko. Huyu anauza juisi, yule chapati, mwingine viatu vya mtumba. Mimi nasoma uhasibu, kwa hiyo jioni haziniishi bila mtu kunigongea na daftari lake: "Oya, hebu niangalizie. Faida naiona, hela siioni." Mara nyingi jibu halimo daftarini. Limo kwenye matumizi ya biashara aliyoyalipa kwa hela yake ya mfukoni bila kuyaandika popote.

Tuchukue mfano wa muuza juisi. Wiki hii kauza shilingi 120,000. Kwenye kopo la mauzo katoa 60,000 za maembe na 15,000 za sukari. Daftari linamwambia kapata faida ya 45,000, na kopo lina 45,000 kweli. Raha tupu! Ila kwenye simu yake binafsi kalipia vikombe 18,000, bodaboda 12,000 na barafu 10,000. Jumla 40,000. Faida halisi ni 5,000 tu. Akiila ile 45,000 akidhani ni jasho lake, amekula bumu lake mwenyewe bila kujua. Na kwa sababu anaona faida nono, hapandishi bei ya glasi. Mwezi wa pili hana biashara wala hela ya kula, na mkopo unamsubiri palepale.

Dawa ni kuiona biashara kama mtu mwingine. Kisheria, hata ukisajili jina la biashara BRELA, wewe na biashara yako bado ni kitu kimoja, na madeni yake ni yako. Kihasibu mnatenganishwa. Ukilipia barafu kwa hela yako, umemlipia mwenzio. Na kila muamala una pande mbili, kanuni ambayo Luca Pacioli aliieleza katika kitabu kilichochapwa Venice mwaka 1494.

Upande wa kwanza: andika gharama kama kawaida, yaani tarehe, kitu na kiasi, kisha utunze risiti au ujumbe wa malipo ya simu. Upande wa pili: hela imetoka wapi? Hapa chagua moja, tena siku hiyohiyo. Kama unataka urudishiwe, andika "deni kwa mwenye biashara". Kama umeamua ibaki humo, andika "mtaji ulioongezwa". Usiandike imetoka kwenye kopo, maana kopo halijaguswa na hesabu ya taslimu itakukataa.

Siku ukijirudishia ile 40,000, kopo linapungua na deni linapungua. Basi. Si gharama mpya. Ukiiandika tena kwenye matumizi, umeihesabu barafu ileile mara mbili.

Kuna mambo mengine matatu ninayoulizwa sana. Blenda uliyoinunua kwa bumu si gharama ya wiki moja. Ni mali ya kudumu, gharama yake igawe kwa muda utakaoitumia. Bando ulilotumia nusu kwa oda za wateja na nusu kwa kuangalia mpira, biashara ibebe nusu yake tu. Na ukichota kopo ununue wali maharage, hayo ni matumizi binafsi ya mwenye mali. Usiyapachike kwenye gharama za juisi.

Wapo wanaosema, "Mimi niko peke yangu, namdai nani?" Sawa, lakini wengi wetu tunaanza wawili wawili. Mmoja analipa bodaboda kila siku kimyakimya, mwisho wa semesta faida inagawanywa nusu kwa nusu, na yule mkarimu anaondoka na kinyongo asichoweza kukithibitisha. Mstari mmoja wa "deni kwa mwenzetu, 12,000" ungeokoa hela na urafiki. Hata TRA, sheria ya kodi ya mapato inamtofautisha mfanyabiashara mdogo mwenye kumbukumbu na asiye nazo.

Wazee walishasema, mali bila daftari huisha bila habari. Kwetu sisi naongeza kidogo: daftari lenyewe liwe na safu moja zaidi, imeandikwa juu yake "Nani kalipa?" Ichoreni leo, kabla bumu lijalo halijatoka.