Chukudu za Goma: Namna wamiliki wanavyozitunza na kuzitengeneza kwa gharama ndogo

Katika mji wa Goma, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, skuta ya mbao iitwayo chukudu ni tegemeo la familia nyingi. Haina injini, haihitaji petroli, na sehemu zake karibu zote hutokana na mbao, matairi makuukuu na vyuma chakavu. Hata hivyo, kutohitaji mafuta si sawa na kutohitaji matunzo. Chombo kinachoshuka mlimani kikiwa na mamia ya kilo za mizigo hudai uangalizi wa kila siku, na mara nyingi fundi wa kwanza ni mwendeshaji mwenyewe.

Chukudu ni chombo cha aina gani?

Chukudu ya kawaida ina urefu wa takriban mita mbili. Ina usukani wa mbao, uma unaoshika gurudumu la mbele, ubao mrefu wa kubebea mzigo, na gurudumu la nyuma. Mbao zinazotumika zaidi ni za mti mgumu uitwao mumba na za mikaratusi. Magurudumu huchongwa kwa mbao, kisha huvishwa ukanda wa mpira uliokatwa kutoka kwenye tairi la gari. Katikati ya gurudumu hutiwa beringi ili lizunguke kwa wepesi. Juu ya ubao, waendeshaji wengi hupigilia kipande cha kandambili au mpira laini, ambapo huegemeza goti moja huku mguu wa pili ukisukuma ardhi.

Chukudu kubwa hubeba zaidi ya kilo 400. Hushusha viazi, kabichi na karoti kutoka Kibumba, kaskazini mwa mji, hadi kwenye masoko ya Goma, ambayo yako karibu na mpaka wa Gisenyi nchini Rwanda. Hubeba pia mbao, makaa, maji na mawe ya volkano yanayotumika katika ujenzi. Heshima ya chombo hiki inaonekana katikati ya mji, ambako sanamu ya rangi ya dhahabu ya mtu akisukuma chukudu ilisimamishwa wakati wa utawala wa Joseph Kabila.

Kwa nini matunzo ni suala la riziki?

Barabara za Goma ni adui wa kila kitu chenye magurudumu. Mlima Nyiragongo ulilipuka Januari 2002 na kumwaga lava katikati ya mji, kisha ukalipuka tena tarehe 22 Mei 2021 na kuikata barabara iendayo Rutshuru. Lava iliyoganda huacha mawe yenye ncha kali na vumbi linalosaga kama msasa. Mawe hula mpira wa gurudumu, na vumbi huingia ndani ya beringi.

Mwishoni mwa Januari 2025, waasi wa M23 waliuteka mji huo. Benki zilifungwa, na fedha taslimu zikawa adimu. Katika hali kama hiyo, anayeishi kwa kipato cha siku hana akiba ya kununulia chombo kipya. Chukudu iliyotunzwa vizuri huweza kudumu miaka miwili au mitatu. Iliyopuuzwa huharibika mapema, na siku ya kuharibika kwake huwa pia siku ya kukosa chakula nyumbani.

Beringi: grisi kabla ya safari

Beringi nyingi za chukudu zimeshatumika katika magari au pikipiki kabla ya kufika kwa fundi wa mbao. Kwa hiyo, uteuzi wake ni muhimu. Beringi nzima huzunguka kimya na kwa ulaini ukiigeuza kwa vidole. Ikikwaruza au kukwama baada ya kusafishwa, basi njia ya gololi imekwisha kuchimbika, na grisi haiwezi kuiponya.

Kipimo cha kila asubuhi hakigharimu chochote. Inua upande mmoja wa chukudu, zungusha gurudumu kwa mkono, kisha litikise kushoto na kulia. Likitoa sauti ya kusaga, beringi inahitaji kusafishwa. Likiyumba, ama beringi imechakaa, ama tundu la mbao limepanuka.

Kusafisha ni kazi rahisi. Beringi huoshwa kwa mafuta ya taa au dizeli, hukaushwa kwa kitambaa safi, kisha hujazwa grisi. Wapo wanaotumia mafuta ya kupikia au oili iliyotolewa katika injini kwa sababu ni rahisi kupata. Mafuta hayo husaidia kwa muda mfupi, lakini hutiririka na kuacha beringi kavu. Tena oili ya injini huharibu mpira wa gurudumu na wa breki. Grisi hubaki mahali pake na kuzuia vumbi. Kopo moja dogo hutosha kwa muda mrefu, na ni nafuu kuliko beringi mpya.

Wakati wa kuirudisha beringi katika tundu la mbao, nyundo ielekezwe kwenye duara la nje, kwa kutumia kipande cha mbao katikati. Kugonga duara la ndani husukuma nguvu zote kupitia gololi na kuziumiza kabla hata kazi haijaanza. Tundu likiwa limepanuka kidogo, bati jembamba la kopo huweza kuzungushiwa beringi ili ikaze. Hilo ni suluhisho la muda tu. Tundu likiwa na umbo la yai, gurudumu lenyewe libadilishwe.

Mpira wa gurudumu: misumari isionekane

Mpira ni kinga ya mbao dhidi ya mawe. Ukiisha, mawe humega ukingo wa gurudumu hadi linapoteza uduara. Kuanzia hapo, kila mzunguko huwa ni kishindo kinachotikisa uma, kulegeza misumari na kuiponda beringi. Kwa namna hiyo, ukanda wa mpira usio na thamani kubwa huweza kuigharimu chukudu nzima.

Alama ya kutazama ni vichwa vya misumari. Vinapaswa kuzama ndani ya mpira. Vikianza kung'aa juu, mpira umekwisha na wakati wa kuubadilisha umefika. Misumari ya zamani ing'olewe yote, na mipya ipigiliwe mahali papya, kwa kuwa tundu lililolegea haliwezi kushika tena. Tairi lenye nyaya za chuma likatwe kwa uangalifu, maana nyaya hizo huchoma mikono.

Breki: kifaa kinachookoa maisha

Breki ya chukudu kwa kawaida ni kipande cha mpira wa tairi kilichofungwa karibu na gurudumu la nyuma, ambacho mwendeshaji hukikanyaga kwa mguu. Ni kifaa sahili, na ndiyo sababu wengi hukisahau hadi wafike kwenye mteremko.

Mwendo ukiongezeka maradufu, umbali wa kusimama huongezeka mara nne. Mzigo ukiwa kilo mia kadhaa, mguu wa mwanadamu hauwezi kurekebisha kosa hilo katikati ya mlima. Inafaa breki ijaribiwe pakiwa tambarare, chukudu ikiwa tayari na mzigo wake. Mpira uliokuwa mwembamba ubadilishwe siku hiyo hiyo, na grisi yoyote iliyoudondokea ifutwe. Wakati wa mvua breki hushika kwa udhaifu. Ni salama zaidi kupunguza mzigo na kuanza kukanyaga breki mapema, kileleni, badala ya kungoja mwendo uwe mkali.

Mbao na viungo: ufa mdogo usidharauliwe

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika chukudu, ufa unaotisha zaidi ni ule wa uma wa mbele na wa shingo ya usukani, kwa sababu hapo ndipo kila pigo la barabara hupokelewa. Ufa unaofuata nyuzi za mti huweza kuzuiwa kwa boli iliyopita pande zote mbili na kukazwa kwa nati na washa. Ufa unaokata nyuzi hauzibiki; kipande hicho kibadilishwe.

Mikaratusi hupasuka haraka inapokaushwa juani. Mbao ya akiba ihifadhiwe kivulini, ikiwa imeinuliwa kutoka ardhini, ili ikauke polepole. Kabla ya kupigilia msumari karibu na ncha ya mbao, tundu dogo litobolewe kwanza ili mbao isipasuke. Tena, mbao hunywa maji na kuvimba wakati wa mvua, kisha husinyaa wakati wa kiangazi, hivyo nati zilizokazwa mwezi uliopita huenda zimelegea leo. Mara moja kwa wiki, spana ipite katika kila boli.

Upakiaji nao ni sehemu ya matunzo. Mzigo mzito ukae chini na katikati, ufungwe kwa kanda za mpira wa ndani wa tairi ili usihame. Mzigo ulioelemea upande mmoja huichosha beringi na kuupinda uma, hata pale uzito wenyewe si mkubwa.

Kipi kianze pesa zikiwa chache?

Si kila kazi ifanywe nyumbani. Kuchonga gurudumu jipya au kutengeneza uma kunahitaji fundi mwenye vipimo na zana, kwa kuwa gurudumu lisilo duara kamili hurudisha hasara yote. Lakini kusafisha beringi, kubadilisha mpira, kukaza boli na kutengeneza breki ni kazi za nyundo, tupa, kisu na spana, na mwendeshaji aweza kuzimaliza jioni moja.

Panapokuwa na fedha kidogo tu, utaratibu unaofaa ni huu: breki kwanza, kwa sababu ndiyo inayolinda uhai wa mwendeshaji na wa wapita njia, kisha uma na boli zake, halafu beringi, na hatimaye mpira wa magurudumu. Kandambili ya kuegemeza goti inaweza kungoja mauzo ya kesho.